St. James ya Cimarron: tazama dari kwanza, mzuka baadaye

Wageni wengi wa Hoteli ya St. James, katika mji mdogo wa Cimarron huko New Mexico, Marekani, hupanda ngazi moja kwa moja hadi kwenye chumba namba 18. Mlango umefungwa na chumba hakipangishwi. Simulizi ya hoteli ni kwamba humo yumo T.J. Wright, mcheza kamari aliyejishindia hoteli nzima kwa karata, akapigwa risasi kabla hajakabidhiwa. Wageni huupiga picha mlango, hushuka, hulala, huondoka. Naona wanakosea mahali pa kuanzia. Anza chini, kwenye chumba cha kulia, halafu inua uso.

Dari ni ya bati lenye nakshi, na matundu ya risasi bado yanaonekana. Chumba hicho kilikuwa baa. Mpishi Mfaransa, Henri Lambert, aliifungua mwaka 1872, na vyumba vya kulala vikaongezwa baadaye. Inaelezwa kwamba paa lilipobadilishwa mwaka 1901 yalikutwa matundu zaidi ya 400, na kwamba mbao nene zilizopangwa tabaka mbili ndizo zilizowanusuru waliolala ghorofani. Idadi ya waliouawa hapo hutajwa kuwa 26. Hiyo ni hesabu ya masimulizi. Kifo kimoja, hata hivyo, kina jina, tarehe na sababu, nacho ndicho kinachostahili safari.

Mwezi Septemba 1875 mchungaji wa Kimethodisti, Franklin Tolby, alikutwa ameuawa katika bonde la Mto Cimarron. Alikuwa amesimama na walowezi dhidi ya kampuni iliyodai ardhi iliyokuwa ya Lucien Maxwell, mwenye ardhi mkubwa wa eneo hilo, ekari milioni 1.7, eneo linalozidi kisiwa cha Unguja zaidi ya mara nne. Mwisho wa Oktoba kundi la watu likamnyonga Cruz Vega, aliyeshukiwa kuhusika. Siku chache baadaye, tarehe 1 Novemba, jamaa yake Francisco Griego akakutana na Clay Allison, mfugaji na mpiga bastola aliyesemekana kuliongoza kundi lile, katika baa hii ya Lambert. Allison akampiga risasi na kumuua. Ugomvi wa ardhi wenyewe ulifika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1887 kampuni ikashinda. Kabla ya wote hao, nchi ile ilikuwa makazi ya Wajicarilla Apache na Wayute, na hao hawatajwi kabisa katika hadithi za vyumbani.

Hapo ndipo ninapogombana na utalii wa mizuka. Mcheza kamari amepewa chumba kizima na kufuli lake. Mchungaji aliyeuawa kwa ajili ya ardhi za wengine hana hata pembe ya chumba. Kiswahili kinatusaidia hapa, kwa sababu mzimu kwetu hufungamana na mahali na waliotangulia, hauwi kiumbe cha kuvizia watu ukumbini usiku. Kwa maana hiyo, mizimu ya Cimarron ni ya ardhi kuliko ya hoteli.

Kama bado unataka kulala hapo, taja wazi wakati wa kuweka nafasi kwamba unataka jengo la kale. Kuna pia vyumba vya upande mpya, na anayekosea kuchagua huishia kwenye chumba cha kawaida kisha hulalamika. Chumba 17 huombwa sana. Ndicho cha Mary, mke wa Lambert, na watu husema husikia harufu ya waridi humo. Piga simu kabla ya kusafiri, uthibitishe kwamba hoteli na jiko vinafanya kazi majira hayo, maana mji una watu wasiofika 1,000 na sehemu za kula ni chache. Fika mchana. Wanyama wa porini huvuka barabara jioni, na taa za gari hazitoshi.

Vifaa vya kusakia mizuka viache nyumbani. Kipimo cha sumaku-umeme hupanda penye nyaya, na jengo la kale lililotiwa umeme baadaye lina nyaya mahali usipotarajia. Duara nyeupe kwenye picha ni vumbi lililo karibu na lenzi, likimulikwa na flashi. Hewa ya huko ni kavu na usiku hupoa ghafla, hivyo mbao husinyaa na kulia. Mlio huo huongezeka saa chache baada ya jua kuzama, saa ambayo watu wameanza kutega masikio. Mji uko karibu mita 1,950 juu ya usawa wa bahari. Aliyetoka pwani hulala kwa mang'amung'amu usiku wa kwanza, kichwa kikiuma, na anayeamka nusunusu ndiye anayepatwa na jinamizi: macho wazi, mwili mzito, mtu kama amesimama kando ya kitanda. Kunywa maji mengi tangu asubuhi na punguza pombe; nusu ya visa vya usiku ingekwisha hapo.

Na usijaribu kitasa cha namba 18. Wenye nyumba wamekifunga, na hiyo ni sababu tosha.

Asubuhi, kabla ya kuondoka, pita kwenye kinu cha zamani cha Aztec, jengo la mawe alilolijenga Lucien Maxwell mwaka 1864, ambalo sasa ni makumbusho na hufunguliwa zaidi majira ya joto. Kisha shika barabara ya 64 kuelekea Taos. Inapita ndani ya bonde lile lile alimouawa Tolby, chini ya majabali marefu ya Palisades. Pana maegesho kando ya mto. Simama hapo, zima injini.