Sparadra peke yake haitoshi

Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anasema sparadra za fentanili, yaani plasta za kubandika zinazopitisha dawa kali ya maumivu kwenye ngozi, zingemaliza mateso ya wagonjwa wa saratani hapa Bukavu. Polepole, ndugu yangu. Sparadra moja hukaa saa 72, ni kweli, lakini nguvu yake huanza kusikika baada ya saa 12 au zaidi. Usiku ule wa kwanza mgonjwa atameza nini? Tena haipewi mtu ambaye mwili wake haujazoea morfini, dawa ya maumivu ya jamii hiyohiyo. Na joto, iwe homa au chupa ya maji moto (hiyo tunaipenda sana huku!), huharakisha dawa kuingia mwilini, pumzi ikapungua hadi kifo. Mimi ningeanza na morfini ya maji. Majirani zetu Uganda wanaichanganya wenyewe kutoka unga, kwa bei ndogo, na mgonjwa anainywea nyumbani.