Ukimwita shahidi, basi msikilize

Kuna jirani yetu mmoja, fundi seremala, kijana tu, mkewe alifariki akijifungua. Mtoto alipona. Msibani tulikaa nje kwenye mikeka chini ya turubai na yeye muda wote kashika taulo ya mtoto, ya njano, ile iliyokwenda kwenye begi la kujifungulia ikarudi na lebo yake haijakatwa, anaikunja anaikunjua, anaikunja tena. Maalim mmoja mtu mzima akaja akakaa karibu yake akamwambia, "Mwanangu, subiri, mkeo kafa shahidi." Jamaa akaitikia kwa kichwa na nikaona mabega yake yameshuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Mimi ni Mkatoliki, nimekua nikijua mashahidi ni wale wa Uganda tunaowakumbuka kila tarehe 3 Juni, kwa hiyo baada ya maziko nikamfuata maalim nikamuuliza, inakuwaje mama aliyekufa na uzazi aitwe hivyo. Akanielewesha taratibu kabisa, kwamba mafundisho ya Mtume yanawataja wengi, aliyekufa kwa tauni, kwa maradhi ya tumbo, aliyezama majini, aliyeangukiwa na jengo, na mwanamke aliyekufa kwa ajili ya uzazi. Hao wanaoshwa na kusaliwa kama maiti wengine, tofauti na yule wa vitani ambaye wanazuoni wengi wanasema azikwe na nguo zake na damu yake bila kuoshwa. Yaani ushahidi wa mama yule ni wa akhera, Mungu ndo anautoa, sisi hatuna muhuri wake. Nilipenda sana alivyosema hivyo, kwa unyenyekevu.

Tangu siku ile hili neno haliniachi. Kwa Kiarabu kuna maneno mawili yaliyotoka shina moja, shāhid ni yule aliyeona jambo na shahīd ni yule aliyeuawa kwa imani yake. Kiswahili tukayapokea yote mawili yakawa neno moja tu. Kwa hiyo anayesimama mahakama ya mwanzo kueleza mpaka wa shamba ulikuwa wapi ni shahidi, na Karoli Lwanga, mmoja wa wale wa Uganda, naye ni shahidi, neno lile lile. Na Wagiriki kabla ya hapo walikuwa vivyo hivyo, martys kwao alikuwa mtu wa kutoa ushahidi, Wazungu wakalichukua neno likabaki kwao na maana ya kifo peke yake. Sisi bado tunayo yote mawili na naona ni utajiri ambao hatuushiki vizuri. Ndo maana hata hili la mfiadini, ingawa naliheshimu na mapadre wengi wanalitumia, halinitoshi, maana linaanzia kwenye kufa, na shahidi anaanzia kwenye kuona na kusema.

Angalia vijana wa Namugongo, kule Uganda. Lwanga alikuwa mkubwa wa wale watumishi wa ikulu ya Kabaka Mwanga, akawa anawakinga vijana wadogo wasichezewe kimwili na mfalme, na wengine alikuwa anawafundisha dini, akiwemo Kizito wa miaka kama 14 hivi. Hayo yote aliyafanya akiwa hai, mbele ya macho ya watu, na akijua anayekasirika ni nani. Tarehe 3 Juni 1886 alichomwa polepole kuanzia miguuni, lakini ushahidi wake alikuwa ameshautoa kitambo, moto ulikuwa jibu la mfalme. Wanahesabiwa Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, wote pamoja waliouawa kati ya 1885 na 1887. Na wengi wetu hatufundishwi kwamba miaka kama 10 kabla yao, enzi za Mutesa baba yake Mwanga, Waislamu wa Buganda nao waliuawa kwa kukataa kula nyama iliyochinjwa kinyume na dini yao. Wale nao walikuwa watumishi wa ikulu, walisema hapana, wakafa. Inaniuma kwamba tunawagawa kana kwamba ardhi ile ilikunywa damu za aina mbili.

Mwingine ambaye kila nikimfikiria nasimama kidogo ni Floribert Bwana Chui wa Goma, Kongo. Huyu alikuwa kijana wa kazi, ofisi ya serikali ya kukagua ubora wa bidhaa zinazovuka mpaka, ukaja mzigo wa mchele umeoza akakataa usipite, akaletewa hela akakataa, hesabu yake ikiwa kwamba hela itaisha lakini hao watakaoula itakuwaje. Julai 2007 alitekwa akauawa, miaka 26 tu. Kanisa lilimtangaza Mwenye heri, hatua ya kabla ya kuitwa mtakatifu, huko Roma tarehe 15 Juni 2025, kama shahidi. Nilisikia mtu akiuliza sasa huyu kafia dini au kafia mchele, na nadhani alikuwa anauliza kwa nia njema, jibu langu ni kwamba kwake havikuwa vitu viwili, aliuona mchele umeoza akasema umeoza, mbele ya watu waliotaka aseme mzima. Shahidi anafanya nini zaidi ya hapo?

Sasa kinachonikera ni jinsi neno linavyochanganywa na kujitoa mhanga. Mtu anavaa bomu anaingia sokoni anaua kina mama wanaouza nyanya, alafu kuna watu wanaandika shahidi. Hapana. Shahidi ni mtu aliyeuawa kwa alichosema, huyu kaua watu ambao hata hajawasikiliza, kaua mashahidi. Sina mjadala hapo.

Ila kuna matumizi mengine yanaumiza kimyakimya, na haya yanafanywa na sisi watu wema. Baada ya 25 Juni 2024 Nairobi, vijana walipopigwa risasi siku ile ya maandamano ya kupinga Muswada wa Fedha, mitandao ilijaa mashujaa na mashahidi. Wengi walistahili, walitoka na mabango wakijua wanachosema. Lakini wale waliopitiwa na risasi wakirudi zao nyumbani hawakujitoa popote, waliuawa tu. Ukimpa jina la shahidi alafu ukaishia hapo kwenye mshumaa na picha, aliyefyatua risasi anapumua, maana kifo kimeshageuka sadaka na nani anauliza sadaka ililetwa na nani? Wale wazazi wanataka jina la aliyepiga risasi.

Hapo ndo namrudia jirani yangu. Maalim alisema kweli na alimfariji, siondoi hata neno. Lakini yule dada alikaa na damu inamtoka tangu saa nne usiku, wakaambiwa damu ya kuongezewa hakuna, wakaambiwa gari hakuna mafuta, mpaka kulipopambazuka. Baadhi ya ndugu walisema tuache, kashafika pema, kafa shahidi. Kama ni shahidi basi kuna alichokishuhudia, na mdomo wake umefungwa, waliobaki ndo wa kukisema.

Baada ya siku ya saba jamaa akaja kwangu na daftari la hesabu za mbao, akaniomba nimsaidie kuandika barua kwa wakubwa wa afya wa wilaya, yeye kuandika sio kazi yake. Mtoto alikuwa kwa bibi yake. Nikamuuliza tuanzie wapi, akakaa kimya muda mrefu, alafu akasema andika, mimi ndiye mume wake, na nilikuwepo.