Mchanga wa ufukweni tuuachie mahema

Saa kumi za usiku kona moja ya hema letu iliinuka, ikawa inapigapiga hewani kama bawa. Nilikuwa na wanangu wawili ufukweni mwa ziwa Nabugabo. Upepo ulitoka mashariki, upande wa ziwa kubwa, ukiitangulia mvua. Vile vigingi vifupi vya chuma tulivyouziwa pamoja na hema viling'oka kimoja baada ya kingine, kana kwamba tulivichomeka kwenye unga wa posho. Mkubwa akaukumbatia mlingoti wa katikati kwa mikono miwili, mdogo akalalia ile kona ili uzito wake uizuie, nami nikatoka nje na tochi mdomoni.

Aliyetusaidia ni mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akilinda mitumbwi hatua chache kutoka kwetu. Kiswahili chake alikiokota mwaloni, miaka aliyovua pamoja na watu wa Mwanza na Bukoba, na ni Kiswahili cha maneno machache yaliyonyooka.

“Mwanangu, mchanga haushiki chuma,” aliniambia. “Mchanga unashika mchanga. Una viroba?”

Tulikuwa navyo vinne, vya mchele na makaa. Akavijaza mchanga, akafunga kamba shingoni mwa kila kimoja, akachimba shimo la kina cha mkono hadi kiwiko, akakilaza kiroba humo, akafukia na kukanyaga.

“Mzee, hiki kitatosha?”

“Vuta uone.”

Nikavuta kwa nguvu zangu zote. Hakikusogea. Mvua ilipofika tulikuwa ndani, hema limetulia, na watoto walilala kabla ya radi ya tatu.

Tangu usiku ule nimekuwa nikifikiria mchanga kuliko nilivyowahi. Kuna jambo ninaloliamini na nataka kulisema bila kuzunguka: fukwe zetu za mchanga tuziachie mahema. Watu waje, walale, waogelee, wapike, waondoke. Tusizijengee kuta.

Kwa asiyepajua Nabugabo: ukitoka Kampala kwa barabara ya Masaka unavuka mstari wa ikweta pale Kayabwe, unaendelea mpaka Nyendo, kisha unakata kushoto kwa barabara ya Bukakata. Ni ziwa dogo, maji yake hayana kina kirefu, na kati yake na ziwa Victoria pana tuta la mchanga la kilomita chache tu. Zamani za kale halikuwa ziwa. Lilikuwa ghuba ya Victoria. Mawimbi yakawa yanarundika mchanga mdomoni mwa ghuba ile, msimu kwa msimu, mpaka siku moja mlango ukafungwa. Wanasayansi wanakadiria ni miaka kama 4,000 au 5,000 iliyopita. Samaki waliobaki ndani wakaendelea na maisha yao peke yao, na leo humo kuna aina za nkejje, samaki wadogo wa maziwa yetu, ambazo huzipati mahali pengine popote duniani. Maji ya Nabugabo nayo hutoka kwa kujipenyeza ndani ya tuta lile, taratibu, kama maji yanayochujwa kwa kitambaa, hadi Victoria. Mwaka 2004 eneo hili liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya maardhi oevu yenye umuhimu kwa dunia nzima. Ukilala pale, umelala kando ya kitu kilichojengwa na mawimbi bila mfuko mmoja wa saruji.

Sisi wa Uganda hatuna bahari, lakini wenye bahari wanaujua mchanga wa namna hii kwa sura nyingine. Baharini hujipanga ukawa visiwa virefu vyembamba, sambamba na pwani, vikitangulia kupokea mawimbi kabla hayajafika bara. Pwani ya mashariki ya Marekani imejaa visiwa hivyo. Kimoja ni Assateague, kilichogawanywa kati ya majimbo ya Maryland na Virginia, na kisa chake nimekisimulia kwa kila mtu aliyekubali kunisikiliza.

Miaka ya 1950 matajiri walikipima kisiwa kile na kuuza viwanja kwa maelfu. Wakachora mitaa, wakatia lami barabara, nyumba za kwanza zikasimama. Machi 1962 ikaja dhoruba iliyokaa siku kadhaa, bahari ikapanda ikapita juu ya kisiwa. Ilipotulia, lami ilikuwa imevunjika vipandevipande na nyumba nyingi hazikuwapo. Serikali ikatafakari, na mwaka 1965 Assateague ikatangazwa kuwa ufukwe wa taifa. Leo farasi wasiofugwa wanatembea mchangani, na watu wanapiga kambi nyuma ya vilima vya mchanga huku wakisikia bahari usiku kucha. Wanashauriwa kubeba vigingi virefu vya mchanga, maana vya kawaida vinang'olewa na upepo, na kufungia chakula vizuri kwa sababu farasi wamejua kukiiba. Mabaki ya ile lami bado yanaonekana, yamefukiwa nusu.

Niliposoma habari ile ya vigingi nilimkumbuka mzee wangu wa Nabugabo, ambaye hajawahi kuiona bahari.

Visiwa vile vinahama. Mawimbi yanakula upande wa mbele, dhoruba inausukuma mchanga nyuma, kisiwa kinasogea kuelekea bara huku kikiwa hai. Mnara wa taa wa Cape Hatteras, kwenye kisiwa kingine cha pwani hiyohiyo, uliojengwa mwaka 1870 mbali na maji, ulikuja kufikiwa na bahari mpaka mwaka 1999 wakalazimika kuubeba mzima mzima na kuusogeza karibu mita 900 ndani. Hema ni mtu na mkewe wanalihamisha kwa nusu saa.

Na sisi tulionyeshwa. Mei 2020 ziwa Victoria lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, juu kidogo ya rekodi iliyowekwa miaka ya 1960. Nilikwenda Entebbe wiki zile kumsalimia shangazi yangu, tukashuka ufukweni kwenye sehemu moja tuliyozoea kula samaki. Kaunta ilikuwa ndani ya maji. Viti vya zege vilivyomwagiwa mchangani, vile ambavyo haviwezi kubebwa, vilionekana migongo tu. Ukuta wa mawe uliojengwa kuzuia mawimbi ulikuwa umelala kifudifudi. Shangazi alisimama akitazama, akasema, “Ziwa limerudi kuchukua chumba chake.” Wenye sehemu ile walipoteza mali, wafanyakazi wakakosa kazi, na sikufurahi hata kidogo kuyaona. Lakini ziwa halikuvamia. Lilipita mahali ambapo limekuwa likipita na kurudi tangu kabla ya kuzaliwa babu wa babu zetu.

Sheria tunayo. Kanuni za mwaka 2000 za kulinda maardhi oevu, kingo za mito na fukwe za maziwa zinataka mita 200 kutoka majini ziachwe kwa maziwa makubwa kama Victoria. Mita 200! Tembea ufukwe wowote wa Entebbe au Munyonyo uzihesabu kwa hatua, uone utagonga ukuta kwenye hatua ya ngapi.

Kinachoniuma zaidi ni Lwera. Kila tukienda Nabugabo tunapita kwenye kinamasi kile, na watoto wanauliza yale madimbwi makubwa ni ya nini. Ni mashimo ya mchanga. Malori yanaupakia na kuupeleka Kampala, unakuwa matofali, nguzo na kuta, na sehemu yake, sina shaka, unarudi ziwani kama ukuta wa mtu uliojengwa juu ya mchanga mwingine. Mei 2023 maji yalikata daraja la Katonga kwenye barabara hiyohiyo, tukawa tunazungushwa kupitia Ssembabule. Simtwiki mchimbaji yeyote kosa la daraja. Ninachosema ni kwamba kinamasi kilichotobolewa hakiwezi kuyatuliza maji kama kile kilichokuwa kizima, na mchanga uliokusanywa na mawimbi kwa maelfu ya miaka hatutaupata tena kwa kuuagiza.

Najua yatakayosemwa. La kwanza ni ajira: hoteli inaajiri watu, hema linaajiri nani? Kambi ya Nabugabo tuliyolala ilikuwa na mlinzi, mpishi, mama wa kuuza samaki, vijana wa mitumbwi, na bodaboda waliotuleta kutoka barabarani. Pesa tuliyolipa ilibaki palepale, mikononi mwa watu ninaoweza kuwasalimia. Hoteli zijengwe, tena nzuri, lakini zipande mlimani, nyuma ya zile mita 200, mgeni ashuke kwa miguu hadi majini.

La pili ni zito zaidi na halisemwi hadharani. Nilipomwambia shemeji yangu kwamba tunakwenda kulala kwenye hema, alinitazama kwa huruma ya kweli. “Shemeji, kuna shida nyumbani?” Nilimwelewa. Kwetu hema lina sura mbili tu. Kuna lile la kukodi, la harusi na msiba, lenye viti vya plastiki. Na kuna lile la mkimbizi. Nchi yetu imepokea wakimbizi zaidi ya milioni moja, na wengi wetu tuna ndugu au jirani aliyewahi kulala chini ya turubai kwa sababu hakuwa na pengine. Mtu aliyepitia hayo humwambii kwamba hema ni starehe. Siwezi kubishana naye. Nilimwomba shemeji aje siku moja tu, aketi ufukweni jioni, alale nyumbani kwake akitaka. Alikuja. Akakaa hadi usiku akimwelekeza binti yake nyota, kitu ambacho anasema hakukifanya tangu alipohama kijijini.

Wengine wanaamini kambi ni mambo ya wazungu, na hilo nalikataa kabisa. Wavuvi wa visiwa vya Ssese wamekuwa wakipiga kambi tangu mtumbwi wa kwanza. Mvuvi anafuata samaki, anashuka kisiwani, anajenga kibanda cha nyasi, anaanika mukene, yaani dagaa, samaki wakihama naye anahama. Hiyo ni kambi, na aliyeifundisha ni ziwa. Ukitaka kuionja, kivuko cha Bukakata kwenda Luuku, kisiwani Bugala, hakitozi nauli. Nenda na hema lako.

Ila ukienda, nenda na adabu. Kambi njema huanza na choo, mbali na maji, kwa sababu kichocho kwenye ziwa Victoria ni ugonjwa wa kweli, na kinazungushwa na vinyesi vyetu wenyewe. Usikate miti ya pale kwa kuni. Beba makaa au jiko la gesi. Kaveera, yaani mfuko wa plastiki, ulilokuja nalo uondoke nalo. Mkate uufungie kwenye ndoo yenye mfuniko, maana tumbili wa Nabugabo wanajua kufungua zipu, nimewaona. Na juu ya mvua: upande huu wa magharibi mwa ziwa, radi hutungwa juu ya maji usiku na kutufikia kuelekea alfajiri. Anga safi la saa tatu usiku lisikudanganye. Geuza mlango wa hema upe mgongo mashariki, na ufukie viroba vyako kabla ya kulala.

Kwa wakubwa wa wilaya zenye fukwe, kuanzia Masaka, Kalangala, Wakiso hadi Buikwe, nina ombi moja. Mtu akija na ramani ya kujenga majini, mwonyesheni mita 200 kwa kamba, papo hapo, kabla hamjatia sahihi. Na kila wilaya itenge ufukwe mmoja tu wa umma wa kupiga kambi, wenye choo, bomba la maji na mlinzi, kwa bei ambayo mwalimu wa shule ya msingi anaweza kuilipa akiwa na watoto wake wanne. Hivi sasa mtoto wa Masaka anaweza kumaliza shule bila kukanyaga ziwa lililo nusu saa kutoka kwao, kwa sababu kila alipoelekea alikuta geti.

Asubuhi baada ya mvua ile tulifukua viroba. Mwanangu mdogo alitaka kuondoka na kimoja kikiwa kimejaa, akaonyeshe shuleni. Mzee alimchukua mkono, akamwongoza hadi shimo lilipokuwa, wakamwaga mchanga pamoja, wakausawazisha kwa viganja. Kisha akamuuliza kama amewahi kuuona nkejje akiwa hai, wakaenda kwenye mtumbwi, nami nikabaki nakunja hema lililolowa.