Mwili wako haujazoea dawa, waliobadilika ni bakteria

Kuna kauli naisikia kila mara na inaniumiza kichwa, mtu aliyezoea kumeza antibaiotiki, yaani dawa za kuua bakteria, anasema "hii dawa hainisaidii tena, mwili wangu ushaizoea". Hapana jamani. Mwili haujazoea kitu, sugu ni bakteria, na tofauti hiyo ni kubwa kwa sababu bakteria wanahama. Ndo maana mtu ambaye hajawahi kumeza antibaiotiki hata siku moja anaweza akaugua na dawa zikagoma, kaambukizwa tu na mwingine, au kaupata usugu huo wodini kupitia kidonda cha upasuaji.

Halafu bakteria hawajifunzi kupambana na dawa kama wengi wanavyodhani. E. koli, bakteria anayeishi utumboni, akiwa mahali panapomfaa anagawanyika kila dakika 20 hivi, yaani mmoja ndani ya masaa 8 anaweza kuzaa zaidi ya milioni 16, na kila mara lazima anakili jeni zake zote na kwenye kunakili makosa hayakosi. Mengi hayana maana au yanamuua mwenyewe, ila mojamoja linabadilisha kidogo pale dawa inaposhika. Siku dawa haipo hilo halimsaidii kitu, pengine hata anakua taratibu kuliko wenzake. Dawa ikiingia wenzake wanakufa, anabaki yeye na chakula chote na nafasi yote, na baada ya muda mfupi waliojaa pale wote ni uzao wake.

Mbinu zenyewe ziko nyingi, kuna wanaotengeneza kimeng'enya cha kuvunja penisilini, kuna wenye pampu za kuisukuma dawa nje. Mimi kinachonitisha zaidi ni plasmidi. Ni kipande kidogo cha DNA, mara nyingi cha duara, na bakteria anaweza kujiunga na mwenzake kwa kimrija chembamba akampa nakala yake, tena si lazima wawe wa jamii moja! Plasmidi moja inaweza kubeba usugu wa dawa kadhaa kwa mpigo. Sasa fikiria mtu ana mafua, ambayo ni virusi na antibaiotiki haiwagusi kabisa virusi, yeye anameza tu. Utumboni ana matrilioni ya bakteria wasiomdhuru, hao ndo wanaopigwa, wanabaki wale sugu wakiongezeka kimyakimya, na siku akipita bakteria hatari wanaweza kumgawia hizo plasmidi.

Na tulionywa mapema sana. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alipopokea Nobeli 1945 alisema wazi kwamba kutumia dozi ndogo isiyotosha kutazalisha bakteria sugu. Methisilini, antibaiotiki ya jamii ya penisilini, ilianza kutumika Uingereza 1959, kufika 1961 tayari kulikuwa na stafilokokasi, bakteria wa ngozi na vidonda, wasioisikia. Kwa hiyo mtu akiniambia tusubiri dawa mpya nabaki namshangaa, maana hiyo mpya nayo tukiitumia ovyo itaisha hivyohivyo. Makadirio ya mwaka 2019 yanasema vifo milioni 1.27 duniani vilisababishwa moja kwa moja na usugu huu, na hao ni watu waliokufa kwa magonjwa ambayo dawa zake zipo.

Tunawalaumu sana wagonjwa ila kwenye mifugo tunapita harakaharaka. Kolistini ni dawa ambayo madaktari wanaiweka akiba kwa mgonjwa ambaye nyingine zote zimeshindwa, kumbe huku kwenye ufugaji ilikuwa inachanganywa kwenye chakula cha wanyama wasioumwa kabisa ili wakue upesi, na mwaka 2015 wanasayansi wa China wakaripoti jeni ya usugu wake, mcr-1, ikiwa kwenye plasmidi, kwa nguruwe na kwa wagonjwa hospitalini. Hilo la kunenepesha wanyama kwa antibaiotiki mimi naona lipigwe marufuku kila nchi, leo sio kesho. Umoja wa Ulaya ulishalikataza tangu 2006 na ufugaji wao unaendelea.