Kunguru mwoga na wingu la uyoga

Katika Threads, filamu ya Uingereza kuhusu vita ya nyuklia, kuna mwanamke asiye na jina, hasemi hata neno moja. Amesimama barabarani mjini Sheffield, watu wanakimbia ovyo, na nyuma ya majengo wingu la uyoga linapanda taratibu. Kamera inashuka hadi miguuni pake. Amejikojolea. Tukio lenyewe ni la sekunde chache, kisha filamu inaendelea na mambo yake. Nimeitazama mara mbili, na mara zote mbili moto na maiti nimevisahau upesi kuliko ile miguu.

BBC waliionyesha kwa mara ya kwanza Septemba 1984. Tangu hapo, kila mgogoro wa wenye silaha za nyuklia unapopamba moto, iwe Ukraine, Rasi ya Korea au India na Pakistan, wapo wanaorudi kuitazama, na ubishi ule ule unafufuka: filamu za namna hii zinatusaidia nini? Wengine wanasema zinatuamsha. Wengine wanasema zinatukosesha usingizi bure, kwa jambo ambalo mtu wa kawaida hana mkono nalo. Naona pande zote mbili zinabishana kuhusu kiasi cha hofu, kama wapishi wanaobishana kuhusu chumvi. Mimi kinachonisumbua ni hofu yenyewe inapelekwa wapi.

Tuanze na wanaoitetea. Wahenga walishasema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na shahidi wao mkubwa ni Ronald Reagan. Tarehe 10 Oktoba 1983, akiwa Camp David, rais huyo wa Marekani alitazama The Day After kabla haijaonyeshwa kwa umma. Filamu inasimulia jinsi mji wa Lawrence, Kansas, na maeneo ya jirani yanavyoteketea. Aliandika katika shajara yake kwamba imemwacha na huzuni kubwa. Wiki sita baadaye, Novemba 20, Wamarekani wapatao milioni 100 waliitazama kwenye televisheni usiku mmoja. Desemba 1987 Reagan na Mikhail Gorbachev wakatia saini mkataba wa kufuta makombora yote ya nchi kavu ya masafa ya kati.

Yakipangwa hivyo yanapendeza: rais akatazama, akaogopa, akatia saini. Mimi hadithi hiyo naipokea nusu. Kati ya filamu na saini ilipita miaka minne, na humo ndani kulikuwa na mengi. Novemba hiyo hiyo ya 1983 mazoezi ya kijeshi ya NATO yaliyoitwa Able Archer yaliwatia Wasovieti wasiwasi mkubwa, na habari za wasiwasi huo zilipofika Washington ziliwashtua wakubwa. Gorbachev alishika madaraka mwaka 1985, akikuta uchumi wake umechoka. Na Reagan mwenyewe alikuwa anazichukia silaha hizi kabla ya filamu. Machi 1983 alishatangaza ndoto yake ya kujenga kinga angani dhidi ya makombora. Filamu ilipuliza moto uliokwisha kuwashwa.

Ushahidi ninaouamini zaidi ni mdogo zaidi, tena unatokana na filamu ya burudani. Juni mwaka huo Reagan alitazama WarGames, ambamo kijana anaingia kwenye kompyuta ya jeshi akidhani anacheza gemu, nusura aanzishe vita. Siku chache baadaye, mkutanoni, aliwauliza majenerali wake: hivi jambo kama hili linawezekana? Walikwenda kuchunguza, wakarudi na jibu kwamba hali ni mbaya kuliko anavyofikiria. Septemba 1984 yakatoka maagizo ya kwanza ya rais kuhusu usalama wa mifumo ya kompyuta ya serikali. Zitazame filamu hizo mbili. Moja ilimpa rais huzuni, nyingine ilimpa swali ambalo mtu aliweza kutumwa akalitafutie jibu.

Upande wa pili nao si wa kuupuuza. BBC hao hao, mwaka 1965, walitengenezewa na Peter Watkins filamu iitwayo The War Game, inayoonyesha Uingereza baada ya shambulio, wakakataa kuirusha. Walisema inatisha mno. Ilipata tuzo ya Oscar kama filamu bora ya matukio halisi, ingawa kila kitu humo kiliigizwa, na watazamaji wa televisheni Uingereza wakaisubiri hadi 1985. Kabla ya uamuzi huo maofisa wa serikali walikwishaonyeshwa, kwa hiyo waliosema kuna mkono wa siasa hawakuwa wanaota. Lakini ukiiweka siasa pembeni, hoja ya wakuu wa BBC bado ina uzito: kuna mtu anayetazama peke yake chumbani, na filamu ikiisha hana wa kumwambia neno.

Hapo ndipo methali ya kunguru inapochechemea. Kunguru anaruka kwa sababu kuna mti mwingine. Mtazamaji wa Threads anarukia wapi? Nilipoimaliza mara ya kwanza ilikuwa saa saba za usiku, na kitu pekee nilichoweza kufanya ni kuamka kuhakikisha mlango umefungwa. Mlango! Robert Jay Lifton, daktari wa akili aliyewahoji walionusurika Hiroshima, aliandika sana kuhusu namna nafsi inavyojitia ganzi inapokabiliwa na maafa yasiyo na kipimo. Kwa hiyo yule anayezima televisheni na kusema mambo haya tumwachie Mungu, si mjinga wala mwoga. Nafsi yake imefanya kazi yake.

Na hofu haina chama. Usiku ule ule wa The Day After, filamu ilipoisha tu, waziri wa mambo ya nje George Shultz alitokea hewani kuwaeleza wananchi kwamba waliyoyaona ndiyo hasa ambayo sera ya serikali inakusudia kuyazuia. Kwa maneno mengine, tuendelee kujizatiti. Wanaharakati waliotaka silaha zisimamishwe mara moja walikuwa wametazama picha zile zile, wakatoka na hitimisho la kinyume. Mtu aliyetishwa hununua bunduki kwa wepesi ule ule anaoitupa, na mtengeneza filamu hana njia ya kumchagulia.

Nikirudi kwenye swali langu la wapi, naona filamu nyingi zinaipeleka hofu kwenye mwako: mwanga mweupe, upepo, vioo, uyoga. Ni sehemu yenye picha kali kuliko zote, na inafundisha machache kuliko zote. Threads inazipita nyingine kwa sababu bomu linalipuka mapema na hadithi inabaki na safari ndefu. Inakwenda miaka 13 mbele. Kuna watoto wamekusanywa mbele ya televisheni kuukuu, wanatazama mkanda uliochakaa wa masomo ya zamani, na lugha yao imesinyaa hadi vipande vya maneno. Hakuna damu katika tukio hilo. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kinachokufa ni pamoja na uwezo wa kumwambia mtu kilichotokea.

Kuna sababu ya kisayansi ya kukaa huko mbele. Desemba 1983 wanasayansi watano, Carl Sagan akiwa mmoja wao, walichapisha hoja kwamba moshi wa miji inayoungua ungepanda juu sana, ukazuia jua, na dunia ikapoa. Wakosoaji wamebishana nao miaka yote kuhusu moshi ungekuwa kiasi gani, na ubishi haujaisha. Lakini utafiti uliotoka mwaka 2022 katika jarida la Nature Food ulikadiria kwamba vita kamili ya Marekani na Urusi ingeweza kuua zaidi ya watu bilioni tano, wengi mno kwa njaa, wakiwemo wa nchi ambazo hazikuguswa na kombora hata moja. Punguza makadirio hayo hadi nusu, bado njaa inashinda moto. Ila njaa haina mshindo, na sinema hupenda mshindo.

Kisha kuna suala la nani anabonyeza kitufe. Kwenye filamu mara nyingi ni jenerali aliyerukwa na akili au dikteta. Kumbukumbu halisi zinachosha kidogo, na ndiyo maana zinatisha. Juni 1980 kompyuta za ulinzi za Marekani zilitangaza makombora yasiyokuwepo, na chanzo kilikuwa kijipande cha kielektroniki cha senti 46. Januari 1995 Warusi waliidhania roketi ya wanasayansi iliyorushwa kutoka Norwei kuwa ni kombora, hadi mkoba wa rais Boris Yeltsin wa kuamrishia shambulio la nyuklia ukafunguliwa. Tarehe 13 Januari 2018, saa mbili na dakika saba asubuhi, simu za watu wa Hawaii zililia zote kwa pamoja: kombora linakuja, jificheni, hili si zoezi. Ujumbe wa kulifuta tangazo hilo simuni ulikuja baada ya dakika 38. Katika dakika hizo watu waliwapigia ndugu zao kuwaaga, na yupo aliyeonekana akiwateremsha watoto kwenye shimo la mfereji wa barabarani. Hapakuwa na adui wala mwendawazimu. Mfanyakazi wa zamu alidhani zoezi la ofisini ni shambulio la kweli, akatuma tangazo.

Kwa kipimo hicho, filamu ya Kathryn Bigelow ya mwaka 2025, A House of Dynamite, imepiga hatua. Kombora moja lisilojulikana limetoka kwa nani linaelekea Chicago, na saa nzima na ushei tunakaa na watu wenye simu mkononi, wakisubiri, wakikosea, wakimtafuta mtu ambaye laini yake inakatika. Mlipuko hatuonyeshwi, na watazamaji wengi walikasirika kunyimwa mwisho. Mimi sikukasirika. Idara ya kinga ya makombora ya Marekani nayo haikuifurahia, ikapinga jinsi filamu inavyoeleza uwezo wa mitambo yake kulidungua kombora. Ubishi wa namna hiyo, kati ya filamu na ofisi, juu ya kama mtambo unafanya kazi au haufanyi, una faida kuliko machozi yangu ya saa saba usiku.

Lawama yangu kubwa kuliko zote, hata hivyo, haihusu vita ijayo. Filamu hizi zimetuzoesha kusema bomu kama kitu kitakachokuja. Limeshakuja. Ukiacha Hiroshima na Nagasaki, tangu 1945 yamefanyika majaribio zaidi ya elfu mbili, na kila moja lilikuwa na mahali pake. Tarehe 1 Machi 1954 Wamarekani walilipua bomu la megatani 15 katika kisiwa cha Bikini, bahari ya Pasifiki. Saa chache baadaye, katika kisiwa cha Rongelap, majivu meupe yalianza kudondoka. Watoto hawakujua ni nini, wakayachezea. Jioni ngozi zilianza kuwasha, wakaanza kutapika. Wakazi wa kisiwa waliondolewa siku mbili baadaye, wakarudishwa 1957 wakiambiwa ni salama, na mwaka 1985 wakaondoka wenyewe kwa kuhofia afya za watoto wao. Wavuvi wa Kijapani waliopatwa na majivu hayo hayo ndio walioipa sinema Godzilla mwishoni mwa mwaka 1954, na kwa maoni yangu lile dude la mpira linasema kweli kuliko filamu nyingi za heshima, kwa sababu linatoka kwenye kitu kilichotokea.

Ziko nyingine. Semipalatinsk huko Kazakhstan, majaribio 456 katika miaka 40. Reggane, katika jangwa la Algeria, ambako Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza Februari 1960. Shinkolobwe huko Katanga, mgodi ulikotoka sehemu kubwa ya urani ya mradi wa Manhattan, yaani mradi wa Marekani wa kuunda bomu la kwanza la atomiki, iliyochimbwa na Wakongo. Oppenheimer, filamu ya mwaka 2023 kuhusu mwanasayansi aliyeongoza uundaji wa bomu hilo, ina urefu wa saa tatu na haifiki kwenye mgodi huo, wala haituonyeshi Hiroshima yenyewe. Watetezi wake wanasema hadithi inafuata macho ya mtu mmoja, naye hakuwa huko. Ni jibu la haki kwa filamu moja. Kwa filamu zote likizidi kurudiwa, linaanza kuwa tabia.

Anayenyimwa usingizi na mambo haya simwambii asiogope. Hatari ipo: mkataba wa New START, wa mwisho kuweka kikomo kwa makombora ya masafa marefu ya Urusi na Marekani, uliandikiwa kufika mwisho wake Februari 2026. Lakini katikati ya miaka ya 1980 dunia ilikuwa na vichwa vya nyuklia karibu 70,000, na sasa ni kama 12,000. Afrika Kusini iliunda mabomu sita ikayafumua yote, na mwaka 1993 rais wake akalieleza bunge. Hizo ni hadithi za vikao, mafaili na wakaguzi, na sijui ni mtayarishaji gani angezitolea fedha.

Ya Stanislav Petrov walau ilipata wa kuisimulia. Usiku wa Septemba 26, 1983, zikiwa zimebaki wiki mbili Reagan aitazame The Day After, ofisa huyo wa Kisovieti alikuwa zamu mitambo ilipomwambia makombora matano yanakuja kutoka Marekani. Aliona ni machache mno kwa vita ya kweli, akaripoti kwamba mitambo imekosea. Kumbe lilikuwa jua likimulika mawingu. Baadaye wakubwa wake walimkaripia kwa kutojaza daftari la zamu. Alijitetea kwamba mkono mmoja ulikuwa umeshika simu, wa pili umeshika kipaza sauti, na wa tatu hakuwa nao.