Depo Yangu Haivuji

Huku kwetu Bukavu, mashariki mwa Kongo, mvua hutupa likizo mwezi wa sita, wa saba na wa nane, halafu inarudi kazini bila kupiga hodi. Mimi nilijenga depo, yaani stoo, mwezi wa saba. Ilikaa kavu wiki sita nzima, nami nikaanza kutembea mtaani mikono nyuma kama injinia. Kiangazi kila mtu ni fundi. Kiangazi hata kikapu hakivuji.

Depo yenyewe ni ya mbao, mita 3 kwa 2, juu manjanja (ndiyo mabati hayo, kwa ninyi mlioko Dar na Mombasa), chini sima (saruji, si ya kula) niliyoimwaga kwa mikono yangu. Tunakaa Kadutu, hapa hapa Bukavu, na kwetu ukitaka mahali tambarare lazima umnyang'anye mlima. Kwa hiyo nilichimba. Udongo uliotoka, ule mwekundu unaonata hadi kwenye nia ya mtu, sikuwa na pa kuupeleka, nikaurundika nyuma, ukaegemea ukuta wa depo hadi usawa wa kiuno. Mke wangu akauliza, "Papa Neema, ule udongo utabakia pale?" Nikamjibu kwamba utazuia upepo.

Ndani tuliweka makala (makaa ya kupikia), majembe, pikipiki yangu ambayo ni pikipiki kwa jina tu, na magunia 2 ya maharage ya mama mkwe. Mama mkwe analima Kabare. Alitaka ayafiche mpaka bei ipande mwezi wa kumi na mbili, akasema mbele ya mashahidi: "Nimeyaacha kwa mukwe wangu, nimelala usingizi."

Mwezi wa tisa mvua ikaja. Asubuhi yake sakafu ilikuwa imelowa.

Nilijua tatizo ni juu. Mvua inatoka mbinguni, sivyo? Nikamwita jirani mmoja, fundi wa kweli, aje aniunge mkono. Alitazama paa dakika moja, akacheka dakika tano. "Papa Neema, msumari wa manjanja unapigwa mu mgongo. Weye ulipiga mu bonde. Mu bonde ni njia ya maji!" Isitoshe, bati la chini nilikuwa nimelilaza juu ya bati la juu, kwa hiyo maji yakishuka yalikuta mlango wazi kabisa, yanakaribishwa.

Nikang'oa, nikapanga upya. Yakabaki matundu 42. Nikachemsha gudron, yaani lami, kwenye kopo la nyanya, nikapanda nayo, nikawa naziba tundu moja baada ya jingine huku nikirudi nyuma, kazi ya kistaarabu kabisa, mpaka nilipogundua kwamba nimerudi nyuma na kukaa juu ya tundu la 17, ambalo lilikuwa bado moto. Watoto wa avenue nzima walikuwepo. Siwezi kueleza yote. Itoshe kusema nilishuka mimi, suruali ikabaki. Iko pale mpaka leo, na kwa kweli inaziba matundu mawili peke yake.

Mvua ya pili: juu hakudondoki kitu. Chini, maji.

"Ile maji inatoka nyuma," akasema mke wangu.

"Mama Neema, niachie mimi."

Nikanunua shitingi, ile plastiki ya kufunikia mizigo, nikaivisha depo kwa ndani, kuta zote nne na dari. Nafasi iliyokuwa kati ya ukuta na paa nikaijaza matambara na godoro la zamani, upepo usipite hata wa dawa. Ilipendeza. Ilifanana na ndani ya mfuko. Ikafuata siku tatu bila tone la mvua, na kila asubuhi nikifungua mlango nakuta dari inanidondokea kwenye utosi.

Bila mvua! Ndugu zangu, niliwaza mengi. Nilimwaza hata shangazi mmoja ambaye hatuelewani tangu harusi. Kumbe ni mambo ya sufuria ya bugali: sakafu mbichi na makala mabichi vinatoa mvuke mchana kutwa, usiku manjanja yanapoa (tuko karibu mita 1,500 juu, baridi yetu haina utani), mvuke unapanda, unakutana na baridi, unageuka maji. Zamani ulikuwa unatoka kupitia zile nafasi nilizoziziba. Ziwa nililitengeneza mwenyewe na mfuniko nikauweka mwenyewe.

Ningeishia pale ningekuwa mtu wa heshima. Lakini niliona dimbwi nje, mbele ya mlango, nikapata wazo. Maji yanaingilia mlangoni! Nikajenga kizingiti cha sima, sentimita 30, imara kuliko cha gereza. Nikapiga plasta kuzunguka chini ya kuta zote kwa ndani, na juu ya plasta gudron, safari hii nikiwa nimesimama. Mke wangu alipita na ndoo kichwani, akasimama, akatazama dimbwi, akatazama kizingiti. "Lakini ile maji ilikuwa inatoka," akasema. "Ilikuwa inatoka inje."

Sikumjibu. Fundi akiwa kazini hajibizani.

Usiku ule ikanyesha ile mvua ambayo hata mbwa anaomba msamaha. Asubuhi nikafungua mlango, nikavuka kizingiti kwa mguu wa kulia, na mguu ukaenda, ukaenda, ukazama karibu na goti. Kandambili zilikuwa zinaelea. Pikipiki imezama nusu ya magurudumu. Maji yametulia mpaka ukingoni mwa kizingiti, meusi kwa makala na mekundu kwa udongo, hayapungui hata kidogo. Kwa mara ya kwanza maishani kazi yangu ilikuwa haivuji.

Ule udongo wa nyuma ulikuwa unakunywa mvua kama sponji na kuisukuma chini ya mbao, pale penye plasta yangu nyembamba. Mlango ndio ulikuwa njia pekee ya kutokea, nami nilikuwa nimeiziba kwa sima nzuri.

Sasa, bomba mtaani kwetu lilikuwa halijatoa tone kwa wiki mbili. Habari ikasambaa kwamba kwa Papa Neema kuna maji. Piga hesabu: mita 3 kwa 2 kwa sentimita 30 ni lita 1,800, yaani bidoni 90 za lita 20. Saa mbili asubuhi kulikuwa na foleni mpaka barabarani. Si ya kunywa, ya kudekia na ya choo, lakini watu walishukuru. Mzee mmoja aliniuliza nilichimba kisima hicho kwa dola ngapi.

Na katika foleni hiyo, bila bidoni, nikamwona mama mkwe.

Alichungulia. Magunia yalikuwa yamevimba kama yana mimba. Akachukua harage moja, akalibonyeza kwa vidole viwili, likapasuka. Akaniangalia kwa upole unaoumiza kuliko fimbo. "Mukwe wangu," akasema, "umeanza kunipikia?"

Niliyaanika juu ya manjanja, pembeni ya suruali. Mvua haikuyapa nafasi. Siku ya nne yakaota.

Jumamosi iliyofuata, mimi nikiwa nimelala kwa mafua, mke wangu na kaka yake walichukua sululu. Waliuondoa udongo wote nyuma, wakachimba mfereji wenye mteremko, wakaujaza mawe, wakabomoa kizingiti, wakachomoa godoro langu darini. Kufikia saa sita walikuwa wanakula sombe. Depo haijalowa tena.

Udongo walioutoa waliutandaza mbele, kando ya njia. Mama mkwe akaja, akachagua maharage yaliyoota, akayapanda humo moja moja bila kuniambia neno. Mwezi wa pili alivuna kilo 4, akapita mlangoni na kikapu, akamuuliza mke wangu ayaweke wapi.

Mke wangu alimpeleka chumbani, akamwonyesha chini ya kitanda, upande wake.