Kila Nilichokikwepa Nilikigonga

Nina umri wa miaka 51, na kwa miaka 38 kati ya hiyo nimekuwa mtelezaji wa skeitibodi (ubao wenye magurudumu manne) ya mtaani, yaani ile ya ngazi, vyuma vya kushikilia na kingo za zege. Jamaa zangu wote wamekwisha kubashiri kwamba siku moja magoti yataniaibisha, nami, ili kuwanyima furaha hiyo, huyafunga kinga nene kiasi kwamba nikitembea huonekana kama mtu aliyeficha mito miwili ndani ya suruali. Hakuna aliyenitahadharisha kuhusu macho.

Mtelezaji Andy Macdonald aliposhindana katika skeitibodi kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024 akiwa na miaka 51, nilimsomea mke wangu habari hiyo kwa sauti, kisha nikamsomea tena, na kwa kuwa hakujibu kitu nilichukulia kwamba ameniruhusu kununua ubao mpya. Asiyewahi kuunganisha ubao kwa mikono yake hawezi kuelewa raha ninayoizungumzia. Kuna harufu ya tabaka saba za mbao za maple zilizoshikwa kwa gundi. Kuna msasa mweusi unaobandikwa juu, ambao ukisugua kingo zake kwa tupa hutokea mstari mweupe, mwembamba, na hapo wembe hupita bila kukwama. Kuna beringi, kila moja yenye upana wa milimita 22, zinazoingia ndani ya gurudumu kwa mlio mdogo unaonipendeza kuliko ninavyoweza kukiri mbele ya watu. Magurudumu yenyewe yalikuwa ya milimita 53, magumu ya 99A kwa kipimo cha ugumu wa magurudumu, kwa sababu magurudumu laini ni ya watu wanaotaka tu kufika mahali.

Kazi hiyo niliifanya usiku. Miwani yangu ya kusomea ilikuwa mezani, karibu kabisa na spana, lakini niliona kwamba jambo ambalo mtu amelifanya tangu ujana halihitaji miwani. Nikakaza bolti nane, nikausukuma ubao kwenye ujia wa nyumba, ukanyooka kama mshale, nikalala.

Asubuhi niliwakuta vijana kwenye uwanja wa zege, na mmoja wao, mvulana wa miaka 13 hivi, akaniamkia, "Shikamoo mzee." Ningeitikia marahaba nikaanza kuteleza, mambo yangeishia hapo. Badala yake nilitoa mhadhara. Niliwaeleza kwamba kabla ya Frank Nasworthy kuleta magurudumu ya poliyurethani, aina ya plastiki, mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu waliteleza kwa magurudumu ya chuma na ya udongo, na kokoto moja ilitosha kumtupa mtu kifudifudi. Nikahamia kwenye traki, yaani vile vyuma viwili vinavyobeba ekseli chini ya ubao, nikasema kwamba mtelezaji wa kweli hutambulikana kwa namna alivyozifunga. Mvulana alisikiliza kwa adabu, huku akiutazama ubao wangu kwa jicho ambalo nililidhania kuwa la husuda.

Kisha nikaondoka kwa kasi. Mbele yangu, upande wa kushoto, mama mmoja alikuwa akipiga deki, na ndoo yake ya maji ya sabuni ilikuwa kando yake. Nikaegemea kulia ili nimpishe, ubao ukaenda kushoto. Nikaegemea kulia zaidi, nao ukazidi kushoto. Mama yule, kwa wema wake, akahamia kulia na kuniachia njia, nami kwa hofu nikaegemea kushoto, ubao ukamfuata kulia kama mbwa aliyemwona bwana wake. Alirudi kushoto, nami nikarudi naye.

"Mzee, chagua upande mmoja basi!" alipiga kelele.

Niliichagua ndoo, au tuseme ndoo ilinichagua. Niliketi ndani yake kwa muda ambao vijana baadaye walidai ulikuwa mrefu, na magoti yangu, nawaomba jamaa wazingatie, hayakupata hata mkwaruzo.

Nilipokuwa nikikamua suruali nyuma ya nguzo, akili yangu ilifanya kazi kwa bidii. Kukiri kwamba ubao una kasoro niliyoifunga mwenyewe, baada ya mhadhara ule, lilikuwa jambo lisilowezekana. Nikaamua kwamba, kwa kuwa ubao unataka kinyume, nitaupa kinyume: nikitaka kulia nitaegemea kushoto, na kwa uzoefu wangu hakuna atakayegundua. Nikarudi nikitabasamu. Mama alikuwa amekwisha kuijaza ndoo upya na kuirudisha palepale kushoto. Nikapanda ubao, nikashika kasi, nikaegemea kushoto kwa kujiamini kabisa, nao ubao, kwa utiifu ambao sikuutarajia, ukaenda kushoto.

Maji ya mara hii yalikuwa ya baridi zaidi.

Mvulana alikuja akanisaidia kusimama, akainama kunisemesha sikioni ili wenzake wasisikie. "Samahani mzee. Ulipokuwa nyuma ya nguzo nilizigeuza traki. Zile bolti kubwa za katikati zilitakiwa ziangaliane, nazo zilikuwa zimepeana mgongo. Sikupenda kukuambia mbele za watu." Alikuwa bado ameshika spana yangu mkononi. Nilimshukuru, nikamweleza kwamba nilikuwa nikifanya jaribio, naye akakubali kwa kichwa bila kucheka, jambo lililoniumiza kuliko kuanguka kote kuwili.

Yule mama hakuniuliza kitu kuhusu traki. Aliinua ndoo tupu, akaitikisa kumwaga tone la mwisho, akataka kujua tu kama kesho nitakuja tena, ili ateke maji ya ndoo ngapi.